Jumamosi tunapanga, Jumatano pamerudi vilevile

*"Habari mtaalamu. Tunaishi watu wanne kwenye vyumba viwili na jiko dogo: mimi, mume wangu na watoto wawili, mmoja wa miaka minane na mwingine wa mitatu. Chumba chetu ni mita 3 kwa 3.5. Tuna kabati moja kubwa la nguo la chipubodi, lina kina cha sentimita 60, limekaa kwenye ukuta wa nje, na rafu zake zimeanza kubonyea katikati. Mwaka jana nilinunua maboksi ya plastiki kumi na manne yenye mifuniko, nikayapanga moja juu ya jingine. Nikanunua na ile mifuko ya kunyonya hewa kwa ajili ya mablanketi. Kila Jumamosi tunapanga nyumba nzima, inapendeza, lakini ikifika Jumatano pamerudi vilevile: kiti cha chumbani hakionekani kwa nguo, meza imejaa, na mtu akitafuta kitu anafungua maboksi matano. Halafu nguo za chini kabatini zimeanza kunuka ukungu. Mume wangu anataka tujenge rafu kuzunguka chumba kizima mpaka darini. Mimi nafikiria tukodi stoo tuhamishie baadhi ya vitu. Wifi yangu anasema hatuna shida ya nafasi, tuna shida ya uvivu. Nyumba ni ya kupanga. Nani kati yetu yuko sahihi?"*

Dada yangu, nianze na wifi yako, maana nahisi neno lake limekuuma kuliko hata huo ukungu. Hayuko sahihi. Mvivu hapangi nyumba nzima kila Jumamosi. Ila kuna nusu ya sentensi yake ambayo ni ya kweli bila yeye kujua, na nitaifikia sasa hivi.

Katika maelezo yako yote, vipimo na idadi ya maboksi ikiwemo, kilichonishika ni neno moja: Jumamosi "inapendeza". Hebu tulitazame. Kama shida ingekuwa udogo wa nyumba, Jumamosi jioni mngebaki na vitu mkononi visivyo na pa kuwekwa. Hambaki navyo. Kila kitu kinaingia, mifuniko inafungwa, kiti kinaonekana. Maana yake nafasi ya kuviweka mnayo, hata kama ni ya kubanana. Kinachotokea kati ya Jumapili na Jumatano ni kwamba vitu vinatoka na havirudi. Kwa hiyo mkijenga rafu nyingine mita kumi, au mkihamishia nusu ya vitu stoo, mtapata Jumamosi nzuri zaidi na Jumatano ileile.

Swali la kujiuliza ni kwa nini kurudisha kitu nyumbani kwenu kumekuwa kazi.

Kutoa kitu na kukirudisha havifanani. Unapokitoa una haja nacho, na haja hiyo inakupa nguvu ya kuinama, kushusha maboksi mawili na kung'oa mfuniko. Unapokirudisha haja imekwisha. Umechoka, mtoto anakuita, na kitu chenyewe hakikudai chochote. Hapo kila mwendo wa ziada wa mkono ni sababu ya kusema "nitakirudisha baadaye". Chukua mkasi unaokaa kwenye boksi la chini kati ya matatu. Kuurudisha ni kushusha la juu, kushusha la kati, kufungua mfuniko, kuuweka, kufunga, kupandisha la kati, kupandisha la juu. Miendo saba kwa ajili ya mkasi. Mkasi huohuo ukining'inia kwenye ndoano nyuma ya mlango, mwendo ni mmoja. Hakuna mtu duniani anayefanya miendo saba mara nne kwa siku, si wewe, si mimi, wala wifi yako.

Mimi kipimo changu ni rahisi. Kitu kinachoguswa kila siku kirudi kwa mwendo mmoja, yaani hakuna mfuniko, hakuna kitu juu yake wala mbele yake. Kinachoguswa kila wiki kiruhusiwe miendo miwili: kufungua mlango au kuvuta droo, kisha kuweka. Miendo inayozidi miwili ni ya vitu vya mwezi na vya mwaka tu. Kila nikiingia kwenye nyumba iliyojaa nakuta mpangilio uko kinyume kabisa: masanduku ya safari yamekaa mahali pa kufikika, na chaja ya simu imezikwa.

Hili si jipya. Mwaka 1926 msanifu majengo wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko la nyumba za bei nafuu mjini Frankfurt, Ujerumani. Upana wake ulikuwa kama mita 1.9 na urefu mita 3.4. Alianza kwa kupima hatua na miendo ya anayepika, akachukua mfano kutoka majiko ya mabehewa ya treni, kisha kila kitu akakiweka pale mkono unapokihitaji. Vyakula vikavu vilikaa kwenye vidroo vya alumini vyenye mpini na mdomo wa kumiminia, vimeandikwa jina la kilichomo: unavuta, unamimina, unarudisha. Hata hivyo alilaumiwa, na lawama moja inakuhusu wewe mwenye mtoto wa miaka mitatu: vidroo vile vilikuwa chini mno, watoto wadogo wakavifikia kwa urahisi. Mkono unaopaswa kufika ni wa mtu mzima. Dawa, visu na sabuni za kuondoa madoa ziache zidai miendo mingi, na ziwe juu.

Sasa maboksi yako. Usiyatupe. Yatoe mifuniko.

Nasema hivi kwa makusudi. Boksi la plastiki lenye mfuniko ni zuri kwa kazi moja, nayo ni kutunza kitu kikavu ambacho hutakigusa kwa miezi. Ukilitumia kwa vitu vya kila siku unakuwa umefunga mlango juu ya mlango. Lakini boksi lisilo na mfuniko, likisukumwa juu ya rafu, ni droo. Unalivuta kwa mkono mmoja, unatupia kitu, unalisukuma. Kati ya kumi na manne naamini tisa au kumi zitageuka droo ndani ya lile kabati lenu, na hapo tunafika kwenye kabati lenyewe.

Kabati la nguo hutengenezwa na kina cha sentimita 60 kwa sababu moja: nguo iliyotundikwa, pamoja na mabega na mikono yake, inachukua kama sentimita 50 hadi 55. Kwa kutundikia, kina hicho ni sawa kabisa. Kwa kukunja ni mtego. Shati lililokunjwa linakaa kwenye sentimita 30 au 35, kwa hiyo nyuma yake panabaki nafasi ya safu nyingine, nasi binadamu nafasi tupu hatuiachi. Tunajaza. Kuanzia siku hiyo zile za nyuma zipo kwenye hesabu tu, hakuna anayezivaa. Kuzifikia unabomoa za mbele, na za mbele hazirudi zilivyokuwa. Ndiyo maana fundi anayejua kazi, ukimwomba rafu za nguo za kukunja, vitabu au vyombo, atakukatia kina cha sentimita 30 hadi 40, na hatakubali zaidi ukimbembeleza vipi. Kina kinavutia macho dukani, lakini nyumbani ndicho kinachomeza vitu.

Kwa kabati mlilonalo, geuzeni matumizi. Sehemu kubwa ifanyeni ya kutundikia. Mashati, blauzi na suruali zilizokunjwa kwenye hanga zinahitaji urefu wa kama mita 1 tu, hivyo kabati lenye kimo cha zaidi ya mita 2 linabeba fimbo mbili, moja juu ya nyingine, mahali ambapo sasa pengine mna fimbo moja na pango tupu chini yake. Nguo za mtoto zinatosha kwenye sentimita 60 hadi 75, na fimbo yake ikiwa chini yule wa miaka minane atatundika mwenyewe. Nguo ndefu zipeni upande mmoja mwembamba. Rafu zitakazobaki ziingizeni yale maboksi yasiyo na mifuniko, upande mfupi ukitazama nje, ili kina chote cha sentimita 60 kitoke pamoja mnapovuta. Pimeni kwanza. Maboksi mengi yamebanwa chini na kupanuka juu, na upana wa juu ndio unaoamua yatakaa mangapi.

Kuhusu kubonyea, kuna hesabu hapa ambayo ningependa kila anayenunua kabati aijue. Ukiwa na mzigo uleule kwa kila sentimita ya rafu, ukirefusha umbali kati ya nguzo zake mara mbili, kubonyea hakuongezeki mara mbili. Kunaongezeka mara 16. Na ukiongeza unene wa ubao mara mbili, kubonyea kunapungua hadi sehemu moja ya nane. Kwa hiyo dawa ya bei rahisi kuliko zote ni kuweka kipande cha ubao kisimame katikati ya kila rafu, kimoja juu ya kingine mpaka chini ili mzigo ufike sakafuni. Chipubodi pia ina tabia ya kuendelea kulegea polepole chini ya mzigo uleule, miezi kwa miezi, ndiyo maana rafu iliyokuwa sawa mwaka wa kwanza leo imekuwa kama machela. Ipindueni juu chini mnapoweka nguzo ya katikati, itanyooka. Kwa ubao wa milimita 16 au 18 mimi sipendi kuona zaidi ya sentimita 70 bila nguzo, na kwa vitabu pungufu ya hapo, kwa sababu mita moja ya vitabu hufika kilo 25 bila shida.

Nije kwenye kiti, maana kiti kina habari zaidi ya kabati.

Usikichukie. Mwezi huu nakuomba ukisome. Ijumaa usiku, kabla ya ile kazi ya Jumamosi, kaa mbele ya rundo na utenganishe: hii imefika hapa kwa nini? Nakuhakikishia utakuta sehemu kubwa ni nguo zilizovaliwa mara moja. Si chafu za kufua, si safi za kurudi kati ya zilizopigwa pasi. Nguo hizo hazijawahi kupewa kwao katika nyumba yenu, wala katika nyumba nyingi nilizoingia. Kabati linakubali safi, tenga la kufulia linakubali chafu, na hii ya katikati inakwenda kwenye kiti kwa sababu ndipo mahali pekee pasipoikataa. Zipeni nguo hizo ndoano: nne kwa kila mtu mzima, tatu kwa kila mtoto kwa kimo chake, nyuma ya mlango au ubavuni mwa kabati. Ndoano nne zikijaa, moja lazima ifuliwe au irudi. Na kama kiti hakina mtu anayekikalia, kitoeni chumbani.

Meza nayo ina rundo lake. Funguo, karatasi za shule, chaja, betri zisizojulikana kama zimeisha. Vitu hivyo vimeshaonyesha vinapenda kuishi wapi: pale mnapoingia, pale mnapokaa. Ukivihamishia chumba kingine kwa sababu huko kuna boksi tupu, vitarudi mezani wiki hiyohiyo. Wewe peleka makao yao vilipo. Trei moja, kikapu kimoja chenye mdomo wazi, rafu nyembamba ya sentimita 15 juu ya meza. Hii ndiyo ile nusu ya kweli katika maneno ya wifi yako: si nafasi iliyopungua. Makao ya vitu yamewekwa mbali na maisha yenu.

Kabla hamjagusa lolote kati ya haya, lakini, shughulikieni ukungu. Ukipanga vizuri nguo zenye ukungu unakuwa umeutengenezea ukungu mahali pazuri.

Watu wengi hudhani ukungu ni lazima maji yavuje. Si lazima. Hewa ya chumbani ina mvuke: wa kupumua, wa kupika, wa nguo zinazokauka ndani. Hewa inapopoa, uwezo wake wa kubeba mvuke unapungua, hivyo unyevu wake unapanda bila tone kuongezwa. Tuseme chumba kina nyuzi joto 25 na unyevu wa asilimia 70. Ukuta wa nje, nyuma ya kabati, haupati joto la chumba wala upepo wa kuukausha. Ukipoa nyuzi 2.5 tu chini ya hewa ya chumba, unyevu wa ile hewa iliyougusa unavuka asilimia 80, na kiwango hicho kikidumu siku nyingi kinatosha ukungu kuota kwenye vumbi, ubao na pamba. Ukishuka hadi nyuzi 19 hivi, matone yenyewe yanajitokeza. Nguo za chini ndizo zinazoanza kwa sababu sakafuni ndiko kwenye ubaridi, na ndiko mlikojaza zaidi.

Hamisheni kabati kwenye ukuta wa ndani ikiwezekana. Kama haiwezekani, livuteni liache sentimita 5 hadi 10 nyuma, liinueni juu ya miguu, msibandike kitu kingine ubavuni. Msijaze mpaka nguo ziguse ubao wa nyuma. Nguo iliyotoka kupigwa pasi ya mvuke isubiri ipoe na ikauke ndipo iingie. Nguo isiyokauka pindo isiingie kabisa, na ikiwezekana msianike ndani ya chumba hicho. Kipima unyevu kidogo cha kuweka juu ya rafu ni chombo rahisi na kinafaa kuliko ubani wowote wa kabatini. Mkikaa chini ya asilimia 60 mko salama. Doa dogo kwenye ukuta au ubao mgumu mnaweza kulisafisha wenyewe, dirisha wazi, glavu mikononi. Nawasihi msichanganye dawa ya kufanya nguo nyeupe yenye klorini na siki au na dawa yenye amonia. Mchanganyiko huo unatoa hewa ya sumu.

Na ile mifuko ya kunyonya hewa? Inapunguza unene, haipunguzi uzito, na inafungia ndani unyevu wowote uliokuwemo. Blanketi kavu kabisa litakaa salama msimu mzima. Blanketi lililokauka nusunusu litatoka na madoa. Nguo za ngozi na vitu vilivyojazwa manyoya ya ndege msiviweke humo muda mrefu. Vinatoka vimelala na havisimami tena vizuri.

Haya, rafu za mume wako. Nimheshimu, kwa sababu hesabu yake si mbaya. Kuzunguka chumba cha mita 3 kwa 3.5, ukitoa mlango, dirisha na kabati, pengine atapata urefu wa mita 9. Rafu moja ya karibu na dari, yenye kina cha sentimita 30 na nafasi ya sentimita 40 juu yake, inatoa zaidi kidogo ya mita 1 ya ujazo. Si kidogo. Lakini mtu mzima wa kimo cha kawaida anafikia sentimita 180 hadi 190 bila kusimama juu ya kitu, kwa hiyo yote hiyo ni nafasi ya ngazi: ya vitu vya mwaka. Linganisha na chini ya kitanda. Kitanda cha sentimita 150 kwa 190 kikiinuliwa kiwe na sentimita 30 wazi chini, kuna karibu lita 850 pale, bila kutoboa tundu moja kwenye ukuta wa mwenye nyumba. Maboksi manne au matano yaliyobaki na mifuniko yao yaende huko, juu ya magurudumu au vibao ili yasikalie sakafu. Mali bila daftari hupotea bila habari: andika nje ya kila boksi kilichomo, upande unaotazama nje, kwa maneno ya kueleweka. "Mchanganyiko" si maneno ya kueleweka.

Ningemruhusu mzee wa nyumba rafu moja juu ya mlango na moja juu ya ukuta ambao hakuna anayelala chini yake. Kuzunguka chumba kizima, hapana. Chumba kitakuwa kama kisima, na siku mtakayohama mtaziba matundu arobaini. Vitu vyepesi tu huko juu: mablanketi, mito, masanduku matupu ya safari. Vizito vikae kati ya kiuno na kifua, pale mgongo haupati adhabu. Na dari lenyewe msilipakie kitu. Mbao za dari na jipsamu zimewekwa zijibebe zenyewe.

Akitoboa, ajue ukuta ni wa nini. Tofali la kuchoma na zege vinashika skrubu ikipita lipu na kuingia sentimita 5 ndani ya ukuta wenyewe, pamoja na plagi yake ya plastiki. Lipu peke yake haishiki kitu. Tofali lenye uwazi ndani linataka plagi za aina yake. Jipsamu inataka skrubu ikutane na mbao au chuma kilicho nyuma yake. Na kina kinarudi tena hapa kudai chake: rafu ya sentimita 30 yenye kilo 30 zilizotandazwa sawasawa, juu ya breketi zinazoshika ukuta kwa urefu wa sentimita 20, inazivuta skrubu za juu kutoka ukutani kwa nguvu ya kama kilo 22. Rafu ya sentimita 60 yenye mzigo uleule inazivuta kwa kilo 45. Kabla ya kutoboa karibu na swichi au soketi, ajue nyaya zinapita wapi. Kwa kawaida ni wima, juu au chini yake.

Jambo moja sitalipitia haraka, kwa sababu mna mtoto wa miaka mitatu. Kabati refu au la droo linaweza kupinduka. Mtoto akivuta droo mbili au tatu pamoja na kupanda kama ngazi, uzito wote unasogea mbele na kabati linamfuata. Mwaka 2016 kampuni ya samani ya IKEA ilitangaza kuwa makabati ya droo kama milioni 29 iliyouza nchini Marekani yarudishwe, baada ya watoto kufa kwa njia hiyo. Kifunge kila kilicho kirefu ukutani kwa kipande cha chuma au mkanda, hata kama nyumba ni ya kupanga. Tundu moja au mawili mwenye nyumba atayaelewa, na kama haelewi mwambieni mtoto ana miaka mingapi. Vizito vikae droo za chini, na juu ya kabati pasiwe na kitu kinachomvutia mtoto.

Kuhusu stoo ya kukodi, nitakuwa mkweli kwako kama nilivyokuwa kwa mumeo. Inafaa kama kuna tarehe ya mwisho: mnahama baada ya miezi minne, kuna vyombo vya kazi vya msimu, mnatunza vitu vya mzazi mpaka ndugu wakutane. Bila tarehe, mnalipia kila mwezi ili msiamue. Na kuamua ni kugumu kwa sababu inayojulikana. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ambamo watu waligawiwa vikombe vya kawaida. Waliopewa, walipoulizwa wangeviuza kwa kiasi gani, walitaja takribani mara mbili ya kile ambacho wasiopewa walikuwa tayari kutoa. Kikombe kilekile, dakika chache tu mkononi. Basi usishangae kushindwa kuachana na sufuria ya miaka tisa. Ukiishika, usijiulize kama ina thamani. Jibu litakuwa ndiyo kila mara. Jiulize: kama isingekuwa yangu, leo ningetoa pesa kuinunua? Vile mnavyobishania, vitieni boksi moja, libandikeni tarehe ya miezi sita mbele, na lisukumwe mwisho kabisa chini ya kitanda. Kitakachotafutwa kitatolewa. Siku ikifika, kilichobaki kitoke bila kesi. Vitu vya mtoto vya kumbukumbu wala usiviingize humo; vipe boksi lao, moja kwa kila mtoto, viishie hapo.

Na tafadhali, usinunue chombo kingine chochote cha kuwekea vitu kwa miezi miwili. Chombo hununuliwa mwisho, baada ya kujua kinaweka nini, wapi, na kwa vipimo gani. Wewe ulianza nacho, kama wengi wetu. Hata mimi nina kabati dogo la pembe nyumbani nililolitengeneza kabla ya kujua litawekwa nini. Lina miaka sita na bado sijui.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi. Kama ukungu unarudi ndani ya wiki chache baada ya kabati kusogezwa, kama kuna alama ya maji inayopanda kutoka sakafuni au kushuka kutoka juu, au kama doa limezidi kama mita moja ya mraba, mwiteni fundi wa majengo auone ukuta, na mwenye nyumba ajulishwe kwa maandishi. Mtoto akianza kukohoa usiku au kubanwa kifua chumbani humo, nendeni kwa daktari bila kusubiri kabati. Nyufa zinazopanuka pale rafu ilipofungwa ni za fundi, si za kuziba na kupaka rangi.

Na kama siku moja mmoja wenu ataona hawezi kabisa kuachana hata na vitu vilivyovunjika, anapata dhiki ya kweli vikiguswa, na vyumba vimeacha kutumika kwa kazi yake, huo ni ugonjwa unaotambuliwa na madaktari. Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unauorodhesha peke yake, na unatibika kwa mazungumzo na mtaalamu wa afya ya akili. Kumtupia vitu mtu huyo kwa siri akiwa kazini kunamzidishia. Sioni dalili hiyo kwenu, nimeitaja kwa ajili ya wengine watakaosoma.

Kwenu nyinyi, wiki hii fanyeni mawili tu: kabati lisogee kutoka kwenye ukuta ule, na ndoano zifungwe. Jumatano ijayo nitazamie kile kiti, halafu uniandikie ulichokikuta juu yake.